Kulala Nyumba ya Watu

Oyuna, kiongozi wa safari, aliwaambia wavue viatu, maana mtu asiyeweza kuvua viatu kwenye ofisi ya Sydney atakwenda kuwatia wenzake aibu Mongolia. Kundi zima likavua. Wengi walikuwa wazee wa Kizungu waliostaafu, na magoti yao hayakufurahia kuinama hata kidogo. Omollo alivua vyake, akavipanga kando ya ukuta, akasubiri.

Kwenye zulia Oyuna alikuwa amebandika utepe wa gundi, akapata duara kubwa lenye nafasi ya mlango upande mmoja. Hilo duara ndilo ger, alieleza, hema la sufu ambalo wafugaji wa kwao huliita nyumba, na yeye mwenyewe alizaliwa humo. Kisha akaanza kuwaingiza mmoja mmoja. Usikanyage kizingiti. Tanguliza mguu wa kulia, pita kushoto, keti unapooneshwa, na ukipewa bakuli usilipokee kwa mkono wa kushoto. Keith, mstaafu wa reli, alikanyaga kizingiti mara mbili, akarudishwa nje kama mtoto wa chekechea, na watu wakacheka. Omollo aliingia bila kosa. Oyuna akamsifu mbele ya wote, akamwambia amezaliwa mfugaji bila kujua. Sifa ile ilimpita tu, kama mambo yote yalivyokuwa yakimpita tangu Agosti ya mwaka uliotangulia.

Agosti hiyo ndipo Shirleen, mkewe, alipoanguka akianika nguo nyuma ya nyumba yao huko Campbelltown, mshipa umempasuka kichwani. Haikuwa korona, ingawa watu waliuliza hivyo kwanza, wengine hata kabla ya kusema pole. Lakini korona ndiyo iliyofunga mipaka. Mwili wa Shirleen uliruhusiwa kupanda ndege ya mizigo kwenda Kenya, mumewe hakuruhusiwa kupanda ya abiria. Siku hizo kutoka Australia kulitaka kibali, na kibali kilipofika, kaburi la Siaya lilikuwa limeshapigwa sakafu. Omollo alimzika mkewe kwenye simu, ameiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, mtandao ukikatika kila mahali ambapo mtu angetaka uendelee.

Tangu hapo akafa ganzi. Ndivyo alivyomwambia daktari: si huzuni, ni ganzi. Hospitalini aliendelea kupiga watu eksirei, akiwaambia wabane pumzi, waachie pumzi. Alikula, alioga, alilipa bili, akaendesha gari bila kugonga mtu. Watu wa kanisani walimsifu kwamba amejipa moyo. Hakuwa amejipa kitu chochote, ila mtu ukimwambia hivyo mlangoni mwa kanisa atakushika mikono akuombee, basi alinyamaza.

Safari ilikuwa ya Shirleen. Yeye ndiye aliyewaandikisha wote wawili, waende mwaka wa 2020. Alikulia kwenye nyumba za kupanga zilizobanana Kisumu, na alipofika Sydney akakuta kila kitu kina ua, hata mbwa wa jirani ana ua wake ndani ya ua. Alitaka kwenda mahali ambapo unatazama mpaka macho yachoke bila kukutana na mpaka wa mtu. Omollo, ambaye likizo kwake ni kulala kitandani kwake mpaka saa nne, alikubali ili yaishe. Safari ikafutwa, ikasogezwa, ikasogezwa tena. Oyuna alipopiga simu mwaka huu kusema mipaka imefunguliwa na Julai wanaondoka, Omollo alisikia sauti yake mwenyewe ikisema atakwenda. Lilikuwa jambo la kwanza alilolitaka tangu mazishi. Alifikiri pengine huko kwenye nyika, au kwenye jangwa la Gobi, au kwenye lile ziwa la kaskazini ambalo Shirleen alibandika picha yake kwenye friji, ganzi ingeachia.

Oyuna alikuwa amefika kwenye habari za malazi. Jangwani na ziwani wangelala kambini, alisema, lakini kule nyikani hakuna kambi. "Mtalala nyumbani kwa watu. Wawili wawili, na wenye nyumba wakiwa humo humo." Majina yangepelekwa Ijumaa kwa familia zile, kwa sababu zina maandalizi yake. Kama kuna mtu mwenye sababu ya kutoweza kulala nyumba ya watu, aseme sasa. Keith akanyoosha mkono, akaanza kueleza habari za mashine yake ya kuzuia kukoroma. Omollo alinyamaza, lakini sababu alikuwa nayo.

Kwa kina Omollo, mwanamume aliyefiwa na mke halali nyumba ya watu mpaka marehemu amjie usingizini, walale tena kama mtu na mkewe. Ndoto hiyo ndiyo ruhusa. Ikija, anamwambia kaka yake, na ukoo unajua kwamba marehemu amemwachilia. Kabla haijaja, akilala kwa watu anawapelekea msiba. Ungemuuliza Omollo zamani angecheka, angekwambia ndoto ni ubongo unafagia takataka za mchana. Lakini yeye hakumvalisha Shirleen, hakumlalia matanga, hakumtupia hata konzi ya udongo. Katika yote aliyopaswa kumfanyia, hili moja lilikuwa bado mikononi mwake, na alilishika. Tangu Agosti hakulala popote ila nyumbani kwake. Na hakuota. Si Shirleen tu, hakuota kitu. Usiku alikuwa kama gogo.

Owiti, kaka yake mkubwa, alikuwa ameshasema kutoka Siaya bila kumung'unya maneno: bila ndoto, hakuna safari.

Muriuki alikuja kumchukua mkutano ulipokwisha. Huyu alikuwa rafiki yake, nesi kutoka Nyeri, mtu wa kusema kwanza na kufikiri baadaye, na njia yote ya kurudi Campbelltown alimchimba mpaka akayatoa. Aliyasikiliza, akatikisa kichwa.

"Si umwambie tu brother yako umeota?" alisema. "Nani atakucheki?"

"Hilo si jambo la kudanganya."

"Sawa, basi usiende. Lakini bro, I'm serious, ukiendelea hivi next ni wewe tutaku-ship kwenye cargo."

Lilikuwa neno la kumkasirisha mtu mzima. Omollo alitafuta hasira, hakuiona.

Alhamisi alimpigia Owiti. Wala hakutia chumvi. Alisema neno moja la Kijaluo lenye maana ya amekuja, akafunga mdomo. Owiti hakuuliza zaidi, kwani ndoto ile haina maswali baina ya watu wenye heshima zao. Alishukuru Mungu, na baada ya hapo hakushikika tena. Atachinja. Atapeleka habari kwa wakwe leo leo. Nguo za Shirleen zilizobaki nyumbani zitagawanywa sasa, maana zimeshikilia kabati bure. Na mkewe Owiti anamjua mwalimu mmoja huko Yala, mjane, mtulivu, hana mambo mengi.

Hapo Omollo alielewa alichokifanya. Alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda safari ya mkewe, na ukoo umesikia kwamba amemalizana na mkewe. Kufikia jioni simu yake ilikuwa imejaa pongezi, mashangazi wakituma picha za watu wanaocheza, mjomba mmoja akiuliza kwa utani kama Australia wanauza ng'ombe wa mahari. Alizisoma zote. Aliona aibu, lakini hata aibu yenyewe ilimfikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Ijumaa asubuhi, akiwa amevaa tayari kwenda kazini, simu ikalia na jina lililotokea likamfanya asimame. Alikuwa Mama Peres, mamake Shirleen. Tangu amwoe binti yake hawakuwahi kupigiana simu. Mkwe kwao ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Omollo alikula nyumbani kwake miaka mingi bila kumwona akitafuna, na salamu zao zilipitia kwa Owiti. Aliposema haloo alikuwa amesimama wima jikoni kama yuko mbele yake.

"Omollo, mwanangu," alisema mama yule, "najua haya si mambo ya kuulizana mimi na wewe."

Alisema ameletewa habari, na ameshukuru. Hatauliza yale ambayo mkwe hamuulizi mkwe. Ila tangu wamzike Shirleen, yeye hulala na kitambaa chake cha kichwa chini ya mto, na humwomba aje, na hajaja.

"Nataka kujua moja tu, halafu nitakuacha. Ulipomwona, alikuwa mzima?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Mzima, mama, amenenepa, anacheka. Lingemgharimu nini? Mwanamke mzee angelala vizuri, Oyuna angepeleka jina lake kabla ya saa sita, na Julai Omollo angekuwa nyikani. Alifungua mdomo kulisema, likakataa kutoka.

"Mama, sijamwona," alisema. "Nilimdanganya Owiti. Nilitaka kwenda ile safari yake."

Omollo alingoja laana, na laana ya mama mkwe si mchezo hata kwa mtu anayeishi ng'ambo.

"Hajaja kabisa?" Mama Peres akauliza.

"Hajaja."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Alimsikia akishusha pumzi. "Mimi jana nilimkasirikia," alisema. "Nilimkasirikia mtoto wangu usiku kucha. Nilisema, kumbe anaweza kuja, ila kwangu ndiyo hataki."

Ikamuuma. Ilimuuma Omollo pale chini ya mbavu, mahali ambapo angeweza kupaonesha kwa kidole, na haikupita. Alishika ukingo wa sinki akasema nisamehe, mama, akalirudia mpaka likawa si neno tena, na machozi aliyokuwa hajayatoa tangu Agosti yakamtiririka mpaka kwenye kola ya kazi. Mama Peres hakumwambia anyamaze. Hakukata simu pia. Alikaa naye mpaka kilio kikaisha.

Kabla ya kutoka alimpigia Owiti, akamwambia asichinje, asigawe nguo, na yule mwalimu wa Yala aachwe na amani yake. Owiti alimfokea, na alikuwa na haki. Kisha akamwandikia Oyuna kwamba jina lake lisipelekwe. Oyuna akajibu kwamba nyika haihami, na kwamba anasikitika. Omollo naye alisikitika. Alisikitika njia nzima hadi hospitalini, na alipoegesha gari alikuwa bado anasikitika.

Jumamosi asubuhi simu ikalia tena.

"Amekuja?" Mama Peres akauliza.

"Bado, mama."

"Na kwangu bado," alisema, akaanza kumweleza jinsi mvua ilivyochelewa.