Mechi Kusini mwa Roma

Uganda ilipowafukuza Wahindi mwaka 1972, Parminder alishuka London na binti yake mdogo na mama mkwe wake. Wao walikuwa na pasipoti za Uingereza. Mumewe, Avtar, alikuwa amechukua uraia wa Uganda, kisha serikali ikamfutia, akabaki mtu asiye na nchi. Alipelekwa kambi ya wakimbizi Italia, kusini mwa Roma.

Kiangazi kilichofuata alipiga simu kwenye duka la jirani yao, mtaa wa Ilford, London. Timu ya mpira wa magongo ya kambini ilikuwa icheze na timu ya mji Jumamosi, na siku hiyo wageni wangeruhusiwa kuingia.

"Njoo," alisema. Sauti ilikuwa kavu. "Kuna jambo lazima tuamue. Si la kwenye simu."

Parminder alimwacha mtoto kwa mama mkwe akaenda na Bi Zainab, Mpemba aliyefanya naye kazi ya kufua mashuka ya hospitali.

"Huendi peke yako," Bi Zainab alikuwa amemwambia. "Ukikutana na habari mbaya huko, nani atakushika?"

Treni ilichelewa. Walipofika kiwanjani mechi ilishaanza, watu wa mji wanapiga ngoma upande mmoja, watu wa kambi wamekaa kwenye nyasi upande wa pili. Parminder alisimama kwenye kamba akatafuta kilemba cha mumewe. Alipitisha macho kwa wachezaji wote, akarudia.

"Sioni Kalasinga hata mmoja," Bi Zainab alisema taratibu.

"Labda wamemhamisha."

"Tulia kwanza, mwanangu."

Kisha mlinzi mmoja wa timu ya kambi, mwembamba, kichwa kimenyolewa, akapangusa kiganja kwenye kaptura kabla ya kupiga mpira. Kampala, Parminder alikuwa ameona kiganja kile kikipanguswa hivyo kila Jumapili. Alishika mkono wa Bi Zainab akamwonyesha. Katika ukoo wa Avtar hapakuwa na mwanamume aliyewahi kukata nywele; dini yao ilikataza.

Timu ya mji ilipata pigo la kona. Avtar akatoka mbio kuziba. Mpira uliinuka na kumpiga juu ya jicho, akaanguka kifudifudi. Ngoma zikanyamaza.

Parminder aliruka kamba. Mwamuzi alimpigia kipenga, hakusimama. Alipiga magoti, akamgeuza mumewe, akavua mtandio wake na kumfunga kichwani kuzuia damu. Avtar alifumbua jicho moja.

"Umekuja," alisema.

"Nani kakunyoa?"

"Mwenyewe. Yule afisa wa Uingereza aliyekuja kutuhoji alitazama kilemba tu, hakunitazama usoni. Nikafikiri nikikitoa atanikubali. Akanikataa vilevile."

Parminder alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia. Aliendelea kukaza fundo.

Walimkalisha kivulini, daktari wa kambi akamshona. Mechi iliendelea bila yeye. Hapo ndipo aliposema jambo lenyewe: Norwei ilikuwa tayari kumpokea, na Jumatatu walitaka jibu.

"Nikikubali, nitapata nchi. Nawe utaacha kazi, na mama atavunjika tena, ahame mara ya pili. Nikikataa, London wakinigomea tena, hakuna atakayeniuliza mara nyingine."

Nyuma yao watu wa mji walishangilia bao. Parminder alimtazama Bi Zainab, ambaye naye aliwahi kukimbia kwao usiku bila kujua anakokwenda. Bi Zainab alitikisa kichwa.

"Hilo sikusemei," alisema. "Mwenye kulala na uamuzi ni wewe."

Parminder aliitazama mechi mpaka ikaisha.

"Kataa," alisema mwishowe.

"Una hakika?"

"Sina. Lakini kataa."

Aliporudi London hakupata usingizi mzuri tena. Kila siku ya mapumziko alikwenda kwenye ofisi za uhamiaji, Bi Zainab akimsindikiza kila alipoweza. Walimwambia arudi wiki ijayo, naye alirudi. Nywele hakumtajia mama mkwe.

Hatimaye wakakubali aje, na Avtar akatua Heathrow wakati wa baridi. Maafisa walimshikilia kwenye chumba cha mahojiano tangu asubuhi, na Parminder, mtoto na mama mkwe wakakaa kwenye viti vya plastiki wakitazama mlango. Kila ulipofunguka alitoka mtu mwingine. Jioni akatoka yeye, na mfuko mmoja.

Mama yake alimtazama kichwani, akamshika mkono, akatangulia kwenye basi la kwenda stesheni. Treni ilipita kituo cha Stratford. Mtoto alikuwa amelala.

"Nani alikunyoa?" mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi mwenyewe, mama."

Mama aligeukia dirishani, mabega yakitikisika. Walipofika nyumbani Ilford, mama alivua koti, akaingia jikoni, akampakulia Avtar chakula kwanza.