Nisafishie Mbili

Mpiga picha yule mtaa mzima ulimwita Babu Dudu, wala hakuudhika. Mtu mzima na mvi zake, wateja wanamngoja studio, yeye kalala kifudifudi uani akipiga picha bawa la nzi! Mkewe alikuwa akiwaambia wateja kwamba ameolewa uke wenza na panzi, wavumilie tu, zamu yao itafika.

Studio ndiyo iliyomlisha. Wadudu na majani yalikuwa mapenzi. Ukutani alitundika picha ya jani la mpera, kubwa kama mlango, limetobolewa na viwavi, kingo zimekauka. Mteja akimuuliza kwa nini hakutafuta jani zima, humjibu kwamba jani zima halina habari.

Basi mkewe akahitaji picha ya kitambulisho. Akaketi, akapigwa, akasema, "Nisafishie mbili," akashika njia kwenda sokoni. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama yule ni wa enzi za filamu. Kwake kusafisha picha ni kuitoa tu, uishike mkononi. Lakini kwa mumewe, tangu kompyuta iingie studio, kusafisha ni kufuta: chunusi, kovu, mikunjo. Mkono umeshazoea. Mkewe ana baka shavuni, amezaliwa nalo, limeanzia chini ya jicho hadi kwenye taya. Babu Dudu akalifuta lote, akajisifu kwa kazi nzuri, akazitia picha kwenye bahasha; mkewe akaichukua bila kuifungua.

Karani wa vitambulisho aliitazama picha, akamtazama mama, akamwambia kwa adabu alete picha yake mwenyewe, si ya mdogo wake. Foleni nzima ikasikia.

Alirudi studio amenuna. Mumewe akaanza kujitetea: si aliambiwa asafishe, naye kasafisha, kosa liko wapi? Mama hakubishana. Aliweka zile picha mezani, akanyoosha kidole ukutani.

"Lile limeliwa na viwavi, hukuziba hata tundu moja. Mimi nimekukosea nini?"

Maskini! Haya zikamshika, haya za kweli, maana alielewa kwamba mwenzake ameishi naye miaka yote hiyo akiamini anavumiliwa.

Akamwomba radhi, akamwomba aketi tena, kisha akachukua ile lenzi ya wadudu. Mama akaguna kwamba kitambulisho hakitaki shavu tupu. Akaambiwa hii si ya kitambulisho. Babu Dudu akasogea, akasogea, mpaka pumzi zao zikakutana. Ndani ya lenzi baka lilikuwa la kahawia, lina zambarau ukingoni, na vinyweleo laini vimelala upande mmoja. Lilikuwa zuri, akashangaa jinsi lilivyo zuri.

"Kumbe si jeusi," akasema. "Mimi nimelijua jeusi siku zote."

"Utalijuaje?" mkewe akasema. "Siku uliyokuja kunichumbia uliliona, ukatazama pembeni. Ndiyo kwanza leo unageuka."