Kidonda Kisichouma

Pale Mkuyuni watu walimwita Rwehumbiza daktari, naye hakuwahi kuwasahihisha. Alikuwa muuza dawa tu, mwenye duka dogo na koti jeupe alilolipiga pasi mwenyewe. Kuhusu vidonda vya mdomoni hakuwa na mchezo.

"Wiki mbili," aliwaambia wateja. "Kisipopona kwa wiki mbili, usirudi kununua dawa kwangu. Nenda hospitali kikaonwe."

Yeye mwenyewe alikuwa na chake, pembeni mwa ulimi: baka jeupe lenye wekundu katikati. Lilikuwa na miezi minne. Ila kwa hesabu yake halijawahi kufikisha wiki mbili, maana kila alipobadili dawa alianza kuhesabu upya. Alianza na maji ya chumvi, ikaja dawa ya zambarau, kisha vidonge vya fangasi, kisha akaacha pilipili. Sigara hakuiingiza kwenye majaribio hayo. Aliendelea kuivuta nyuma ya duka, ambako mkewe Jovitha asingemwona.

Asubuhi moja akaja Ng'washi, muuza nyanya wa jirani, ameshika shavu. Kidonda cha ndani kilikuwa kinamchoma hata akinywa uji, na hiyo ilikuwa wiki ya tatu.

"Hospitali, mama," alisema Rwehumbiza. "Hapa sikupi kitu."

"Peke yangu siendi. Nipeleke wewe, ni wenzako wale."

Neno hilo lilimwingia vizuri. Akafunga duka, wakaenda, koti akiwa amelivaa.

Daktari wa meno alikuwa binti aitwaye Odeta. Aliwaamkia wote wawili shikamoo, akamkalisha Ng'washi kwenye kiti na kummulika. Jino la nyuma lilikuwa limevunjika, ncha yake inamkwaruza shavu. Akalisawazisha, akamwambia arudi baada ya wiki mbili kuhakikisha kidonda kimefunga.

Rwehumbiza alirudia kila neno kwa sauti kubwa, kana kwamba Ng'washi alikuwa kiziwi.

"Nimesikia," alisema Ng'washi, akishuka kwenye kiti. "Sasa mtazame na huyu, daktari. Siku hizi anatafunia upande mmoja kama mbuzi mgonjwa."

"Mimi sina shida," alisema Rwehumbiza. "Kuna kitu kidogo tu. Wala hakiumi."

"Kina muda gani, baba?"

Alifungua mdomo kusema wiki moja. Ng'washi alikuwa anamtazama.

"Miezi minne."

Odeta hakumgombeza, na hilo lilimtisha kuliko kugombezwa. Alimwomba atoe ulimi, akaushika kwa kitambaa, akalibonyeza baka kwa kidole chenye glovu, kisha akamgusagusa shingoni akitafuta uvimbe. Kutouma si dalili njema, alimweleza. Vingine vibaya huanza kimyakimya hivyo. Kwa macho tu hakuweza kusema ni nini. Ilibidi wakate kipande kidogo kikapimwe maabara.

Majibu yalipotoka, Rwehumbiza alikwenda na Jovitha. Ilikuwa saratani, bado changa, haijafika shingoni. Wangemfanyia upasuaji wa kuondoa sehemu ya pembeni ya ulimi, na sigara ingekoma siku hiyohiyo.

"Sigara gani?" aliuliza Jovitha.

Walipotoka, waliketi kwenye benchi la korido. Jovitha aliuweka mkoba mapajani.

"Watu wangapi umewatuma hapa?" aliuliza.

"Wengi."

"Na wewe ulikuwa unangoja nini?"

Alitafuta jibu la kitaalamu, moja kati ya yale aliyowapa wateja kila siku.

"Niliogopa," alisema.

Upasuaji ulikwenda salama. Herufi ya r ilimshinda kabisa kwa miezi miwili, jambo lililomsumbua mtu mwenye jina kama lake, na mpaka leo hurudi kliniki kukaguliwa kila tarehe anayopangiwa. Ng'washi alipona ndani ya siku tano. Sokoni anasimulia kwamba yeye ndiye aliyempeleka daktari hospitali, na Rwehumbiza, akisikia, hamsahihishi.