Masaa Sita ya Flakoni

Kaa chini kwanza, Dalila, juu nitapasuka! Alamisi asubui André, mukubwa wetu wa labo pale Kilibula, alinipatia funguo ya frigo ya dawa. Minye! Mutoto wa juzi tu kutoka masomo! Nilitaka kupigia Uvira yote telefoni.

Mu ile frigo mulibakia flakoni moja tu, kachupa ka dawa ya kupima kifua kikuu. Unachoma kidogo ku mukono, kisha siku mbili unaangalia kama ngozi imevimba. Inakujaka unga. Unaichanganya na maji yake, na toka pale iko na masaa sita tu. Moja inatosha watu kumi, kwa hiyo hatufunguake mbele ya kumi kutimia. Tisa walikuwa wameisha kaa ku banki ya mbao, wananung'unika. Wa kumi ni Belyse, mutoto wa miaka saba wa Mama Inamahoro, mulimaji wa mbali kule Kiliba. Baba yake, Térence, alikufa na kifua mwezi wa tatu. Sasa katoto nako kanakohoa.

Nikapiga telefoni. "Mama, muko wapi?"

"Tumeisha fika Kavimvira, mwanangu! Sasa hivi unatuona!"

Saa mbili kamili nikachanganya. Weye unanicheka juu nilimuamini? Wote tunasemaka hivyo, na tungali tunatafuta kiatu chini ya kitanda. Minye mwenyewe nimekudanganya hivyo mara ngapi!

Wale tisa nikawachoma, wakaenda. Saa tatu, hakuna muntu. Saa tano, mvua. Saa sita, telefoni: "Mwanangu, maji ya mto imekata barabara. Gari zote zimesimama."

"Si mulikuwa Kavimvira?"

"Nilisema hivyo juu musituache."

Nikabakia naangalia ile flakoni, naangalia saa ku ukuta. Ungefanya nini, dada? Mto haupigiwe telefoni. Saa nane ikapita.

Saa nane na nusu wakaingia, matope mpaka ku magoti. Belyse ameisha pandisha mukono wa shati.

"Haiwezekane, Mama. Dawa imeisha nguvu."

Mama Inamahoro akainua flakoni ku mwangaza. "Lakini iko safi kabisa! Hata rangi haijageuka. Nusu saa tu, Docta?"

"Njo shida yenyewe. Inaharibika na haionekane. Nikimuchoma, mukono unaweza kukosa kuvimba, tuseme mutoto iko muzima, na kumbe haiko."

"Choma tu. Mungu ataongeza nguvu."

Nikamuangalia André. Yeye akaangalia karatasi ya dawa, kama vile hajaisomaka.

"Ingine inakuja lini?" nikamuuliza.

"Mwisho wa mwezi, wanasema." Akakunja karatasi. "Wanasema."

Tukapigia vituo vingine viwili. Hakuna.

Nikaitupa ile flakoni mu sanduku ya sindano, mbele ya macho ya Mama Inamahoro. Hakulia. Aliuliza tu: "Kwa hiyo ni minye niliiharibu?"

"Hapana, Mama. Ni minye nilichanganya mbele ya kuwaona."

"Si ni minye nilikudanganya?"

Tukabishana hivyo, kila mumoja anajikamatia kosa, na haikusaidia kitu.

Nikamukaribia Belyse. Akafunga macho haraka, akageuzia uso ku ukuta. Nikamushushia mukono wa shati, nikafunga kifungo.

"Imeisha?" akauliza. "Hata haikuuma!"