Mgeni wa Muda Mrefu

Saa moja na dakika tano asubuhi Raelene Hocking aliisukuma baiskeli yake kwenye mteremko wa chini ya jengo, akagusisha kadi kwenye mlango wa mabafu. Ikawaka taa nyekundu. Akaifuta kadi kwenye kaptula, akagusisha tena. Nyekundu vile vile.

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye visigino. Kutoka kwake Kenwick ni kilomita kumi na sita, na upepo wa mashariki wa Februari hapa Perth hauna huruma hata jua likiwa changa. Gari alishaliuza, bima ilipopanda mara ya pili ndani ya mwaka mmoja. Treni ya kwao ilikuwa haipiti, reli inajengwa upya, na mabasi ya kufidia yalizunguka mitaa mpaka mtu anafika kazini amechoka kuliko anayerudi. Basi, ikabaki baiskeli.

Na baiskeli ina utaratibu wake, kila anayeiendesha kuja mjini anaujua. Jumatatu unabeba mashati ya wiki nzima, umeyaviringisha yasipate mikunjo, unayaacha kwenye kabati la bafuni pamoja na sketi, viatu na taulo. Siku zilizobaki unakuja mikono mitupu, unaoga, unapanda lifti unanukia sabuni kama mtu aliyelala humo humo jengoni. Leo ilikuwa Alhamisi. Nguo zake zote za heshima zilikuwa nyuma ya mlango ule, naye yuko nje na kaptula iliyomganda mapajani na fulana ya manjano inayong'aa kama ya mtengeneza barabara.

Ingekuwa siku nyingine angecheka. Lakini saa nne mkubwa kutoka Sydney alikuwa anakuja kuchagua. Miaka mitatu Raelene alikuwa amekaa mapokezi ghorofa ya kumi na moja kwa mkataba wa wakala wa ajira, unaongezwa mwezi kwa mwezi. Sasa kampuni ilitaka mtu mmoja tu wa kudumu, ama yeye ama Brielle, binti wa miaka ishirini na tatu anayeshushwa na mama yake mlangoni kila asubuhi. Atakayekosa aende zake. Raelene alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na alijua vizuri nani anaajiri mwanamke wa miaka hamsini na mmoja.

Alimkuta Kelvin, mlinzi wa huku chini, akinywa kahawa kwenye kibanda chake. Kelvin akaisoma kadi kwenye kompyuta, akakuna kidevu. Jengo limepata mwenye mali mpya, akamweleza, na usiku wa jana wamebadilisha mitambo yote. Mabafu sasa ni ya wapangaji na wafanyakazi wao peke yao.

"Wewe hapa umeandikwa mgeni wa muda mrefu," akasema.

"Mgeni? Kelvin, mimi ndiye ninayewaandika wageni."

"Najua, dada. Lakini ndivyo ilivyoandikwa. Na mgeni anaweza kuoga, ila awe na mwenyeji. Mwenyeji wako nani?"

Raelene alimwomba basi amfungulie dakika moja tu, achukue nguo, hata kuoga aache. Kelvin akaonyesha kamera kwa kidole gumba. Mlango ukifunguka hivi hivi, alisema, jina litakalotoka ni la kwake, na yeye pia ni wa wakala, tena wakala mwingine, wala hajui hata bosi wake anafananaje. Alisema kwa aibu, ndiyo maana Raelene hakuweza kumkasirikia.

Kuanzia hapo akapigwa danadana. Alimpigia Desley, msimamizi wa ofisi, aliyekuwa bado yuko barabarani. Desley akamwambia pole, ila kampuni hairuhusiwi kuwa mwenyeji wa mtu wa wakala, maana ikifanya hivyo itaonekana imemwajiri. Akampigia Tamsin wa wakala. Tamsin akasema wakala si mpangaji wa jengo, kwa hiyo hana mamlaka ya kumwombea bafu. Kisha akakumbusha, kwa sauti tamu ya asubuhi, kwamba kifungu cha tisa cha mkataba kinamtaka awe nadhifu muda wote wa kazi.

"Sasa niwe nadhifu kwa kuoga wapi, Tamsin?"

"Hilo liko nje ya wigo wetu, mpenzi."

Raelene akakata simu, akabaki ameduwaa katikati ya baiskeli za watu. Alijaribu kujihesabia: kazi ni ya kampuni, mkataba ni wa wakala, mlango ni wa mwenye jengo, jasho ni lake. Kila mmoja alikuwa amemjibu vizuri. Hakuna aliyemkosea, na hapo ndipo alipozidi kuchanganyikiwa.

Mwishowe alijisugua kwapa na shingo kwa karatasi za kukaushia mikono kwenye choo cha ghorofa ya kumi na moja. Zilikuwa zinachanika na kumwachia vipande vyeupe mwilini. Kwenye sanduku la vitu vilivyosahauliwa akapata koti la mwanamume, jeusi, kubwa, akalivaa juu ya fulana ya manjano na kulifunga vifungo mpaka juu. Brielle alipofika, mkavu, nywele zimenyooka, alimtazama mara moja tu. Akaenda kuleta chupa yake ya manukato, akaiweka mezani bila neno. Binti wa watu hakuwa mbaya. Raelene akajipulizia, na sasa akanuka jasho na mawaridi kwa pamoja.

Saa tatu kasorobo lifti ikafunguka, akatoka mwanamume mwekundu usoni, amevaa viatu vya kukimbilia, anahema. Ndiye Bwana Prowse, mkubwa wa Sydney. Alikuwa amekimbia kando ya mto kutoka hotelini, akauliza kwa upole kama kuna mahali pa kuoga. Raelene akaandika jina lake. Mtambo ukauliza mwenyeji. Akachagua jina la kampuni, kadi ikatoka ingali na joto la printa. Ilichukua sekunde nane.

"Umeniokoa," akasema Bwana Prowse, na akashuka kwenda kuoga.

Saa nne alikuwa amekaa mbele ya Raelene, shati limenyooka, akinukia sabuni. Aliuliza maswali ya kawaida, na Raelene aliyajibu vizuri; anajua kazi yake hata akiwa usingizini. Lakini koti lilikuwa linamchemsha, na jasho jipya lilikuwa linampita kwenye nyusi. Alimwona yule bwana akisogeza kiti chake nyuma kidogo, kistaarabu kabisa. Akataka kusema, mimi na wewe tumetoka jasho asubuhi moja. Alijisikia vibaya kama mtoto aliyejichafua shuleni.

Barua ilikuja kwenye simu saa saba. Walimshukuru. Walisifu uzoefu wake. Walikuwa wamemchagua mwenye "mwonekano unaolingana na taswira ya kampuni". Mkataba wake ungekwisha baada ya wiki mbili. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, aliarifiwa kwamba hadhi yake imebadilishwa kuwa mfanyakazi anayeondoka, na kwamba kadi yake, kuanzia saa hiyo, itafungua milango yote ya jengo ili aweze kukusanya vitu vyake.

Aliyasoma maneno hayo mara tatu. Alidhani hajaelewa. Kisha akalivua lile koti, akalitundika kwenye kiti cha mapokezi, akaingia kwenye lifti. Brielle alikuwa ameenda kula chakula cha mchana.

Taa ikawaka kijani. Humo ndani hapakuwa na mtu, mabafu sita yote matupu. Alifungua maji ya baridi mpaka mwisho, akasimama chini yake, hajui analia ama ni maji tu.

Simu ikalia kwenye benchi. Akanyoosha mkono unaochuruzika, akaibonyeza. Alikuwa Desley.

"Raelene, uko wapi? Hapa kuna wageni wanne wamesimama, hakuna wa kuwaandika."

"Niko bafuni," akasema Raelene. "Waambie wasubiri. Naoga."