Mlio wa Kuzima

Siku Ilyas alipoizima injini ile kwa mara ya kwanza, mtaa mzima ulilala chini. Kuwaka iliwaka vizuri, ikanguruma kwa raha zake, na watu wa Bwiza wakajazana mlangoni pa gereji kutazama. Alipogeuza ufunguo kuizima, bomba la moshi likatoa mlio mmoja mkavu, pah, na wanaume wenye ndevu zao wakajikuta kifudifudi vumbini. Mzee Sulemani wa duka la jirani alitokeza baadaye kutoka chini ya meza yake, kipimo cha sukari kingali mkononi, akasema kwa upole, "Ilyas mwanangu, vita tunayo tayari. Hatukukuomba utuletee ingine."

Watu wakacheka. Nafisa, mke wa Ilyas, hakucheka. Alikuwa amemfunika binti yao Maha kwa mwili wake wote, na hata vicheko vilipopoa bado aliusikia moyo wa mtoto ukidunda chini ya kifua chake kama kifaranga aliyeshikwa kiganjani.

Kigari chenyewe kilikuwa kichekesho. Bodi yake ndogo, ya milango miwili na mgongo wa mviringo, iliachwa na Mgiriki mmoja aliyeuhama mji zamani, na kwa miaka kuku walitagia ndani yake. Ilyas aliwafukuza kuku, akakata sakafu iliyooza, akaikalisha bodi juu ya chasi ya pikapu iliyopinduka, chasi aliyoifupisha kwa msumeno wa mkono kwa kuwa umeme ulikuwa wa kubahatisha. Kisha akatia injini ya pikapu ileile. Ilikuwa kubwa mno, boneti ikakataa kufunga, akaitupa kando. Magurudumu nayo yalitokeza nje ya bodi kwa kiburi. "Ni mutoto amevaa viatu vya askari," walimtania.

Nafisa alijua kilichomsukuma. Mwaka huo wa embargo, nchi jirani zilipofunga mipaka, vipuri havikuingia, wenye magari waliyaficha au walinyang'anywa, na mikono ya Ilyas ilipokosa kazi, ulimi wake nao ulikosa maneno. Angeweza kukaa kutwa akiutazama ukuta. Alipoanza kukikata kigari kile alianza tena kuimba chooni. Ndiyo maana Nafisa mwenyewe alishona vitambaa vya viti, kwa pazia lililokuwa la chumba chao, na wala hakunung'unika. Lakini kumpenda mtu hakukumtoa hofu. Dada yake wa Kigoma alikuwa amempatia nafasi kwenye boti, yeye na mtoto.

"Baba Maha, mi naenda na mutoto," alimwambia jioni moja. "We baki na gari lako."

Ilyas alifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Nipe Jumapili moja," akasema. "Niwapeleke Kajaga ufukweni, muone maji, niwarudishe. Kama sijui kuwatoa hapa na kuwarudisha, mi mwenyewe nitakubebea muzigo mpaka kwenye boti."

"Na ule mulio?"

"Ni petroli hii ya vidumu, chafu. Inabaki kwenye bomba, inawakia nje. Gari fupi, bomba fupi, hakuna pa kupozea sauti. Lakini ni wakati wa kuzima tu. Sitazima njiani."

Ilionekana rahisi hivyo.

Jumapili walitoka mtaa ukiwapungia. Upepo uliingia kwa kila upande, na Maha, aliyepakatwa mbele, akaufungulia mdomo kama anayetaka kuunywa. Nafisa akajikuta anatabasamu. Tangu mtoto azaliwe hakuwahi kufika ufukweni, na ziwa lilikuwa palepale mwisho wa mji siku zote, kama ndugu mliyenuniana naye. Akamtazama mumewe kwa pembe ya jicho. Ilyas aliendesha kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa.

Kabla ya Kajaga palikuwa na kizuizi, mapipa mawili na gogo. Barabara ilikuwa imetulia wiki hiyo, ila askari hawakuwa wametulia. Koplo mmoja aliinua mkono, na wenzake nyuma ya mapipa wakageuka kumtazama mdudu yule aliyekuwa akinguruma.

"Zima moteri."

"Shefu, karatasi ziko hapa..."

"Nimesema zima."

Bunduki zilizokuwa zikitazama magurudumu zikapanda hadi kwenye kioo. Mkono wa Ilyas ukaenda kwenye ufunguo, ukasita. Nafisa aliona yote mawili kwa pamoja: akizima, wale wa nyuma watasikia risasi na watajibu kwa risasi, asipozima, watadhani anakimbia. Jasho lilimtoka mumewe nyuma ya sikio. Nafisa akaushika mkono wa mumewe, akauweka pajani.

"Shefu, samahani," alisema, kwa sauti ileile anayomlazia Maha. "Ikizimwa itapiga. Si bunduki, ni bomba la moshi. Waambie wenzako kwanza."

"Unanifundisha kazi, mama?"

"Apana. Naogopa tu. Nina mutoto hapa." Akameza mate. "Ingia we mwenyewe, uizime. Watakuona ni wewe."

Koplo alimkazia macho. Kisha akapaza sauti kwa wenzake, kwa Kirundi, mara mbili. Ilyas akashuka, mikono juu. Koplo akajikunja kuingia, magoti yakigonga usukani, bereti ikigusa dari. Kwa karibu hivyo alikuwa kijana tu, wa rika la mdogo wake Nafisa, mwenye kucha zilizotafunwa.

"Muzibe masikio," akanong'ona.

Nafisa akayafunika masikio ya mtoto. Ufunguo ukageuka.

Pah.

Korongo wakaruka kutoka kwenye matete. Askari mmoja, pamoja na kuambiwa, alikuwa ameshajitupa mtaroni. Hakuna aliyefyatua. Koplo alibaki ameushika usukani, macho yamefumbwa, na aliendelea kuyafumba hata moshi ulipokwisha.

"Imeisha," Nafisa alimwambia. "Fumbua macho."

Wa mtaroni ndiye aliyeanzisha kicheko, labda kwa aibu. Betri ikawa haina nguvu ya kuiwasha tena injini, basi koplo akamwachia Ilyas usukani, askari wakakisukuma kigari, bunduki mgongoni, wakikipachika majina ya utani. Kiliposhika moto, koplo akakikimbilia dirishani.

"Munarudi leo?" alihema. "Wa zamu ya jioni hawajausikia huu mulio. Mukiwakuta wao, nani atawaambia?"

Ilyas alitazama mbele, vidole vimekaza kwenye usukani. Kuwarudisha aliahidi, lakini swali la namna ya kurudi alikuwa amelikwepa.

"Unapokewa zamu lini?" Nafisa akauliza.

"Jua likifika kwenye milima ya Kongo."

Nafisa akaitazama milima hiyo ng'ambo ya ziwa, akapima kwa jicho uwazi uliobaki kati yake na jua. Maha alikuwa ameishika kamba ya bunduki ya koplo, naye koplo alikuwa akiutoa mkono ule mdogo taratibu, kidole baada ya kidole.

"Basi tutakuwa hapa kabla," Nafisa alisema. "Usiondoke."

Ilyas akaingiza gia polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.