Hajagusa Waya Hata Mmoja

Bega la kulia la Kagaruki liliharibika kwa kunyanyua injini. Kila boti yake ilipokaribia ufuko, iwe hapa mwaloni Kyamkwikwi au kule visiwani anakopeleka abiria, ilimbidi ageuke nyuma, aikumbatie injini na kuivuta juu ili propela isikwaruze mchanga wala kuzongwa na magugumaji. Miaka mingi alifanya hivyo bila kulalamika, hadi asubuhi moja alipoamka akashindwa kuvaa shati mwenyewe. Mkewe, Benigna, alimvalisha, akamfunga vifungo, akasema, "Basi, imetosha."

"Imetosha nini?" Kagaruki akauliza, akachukua koti lake, akashuka mwaloni.

Aliyepata dawa ni mtoto wao Audax, anayefanya kazi Mwanza. Alimpigia mama yake simu akiwa na furaha kama aliyepata mtoto.

"Mama, kuna kifaa kinaitwa trimu. Unabonyeza swichi, injini inapanda yenyewe. Nimepata kilichotumika, kimetolewa kwenye injini iliyokufa. Mama Yoeli atakuja kukifunga."

Mama Yoeli ni Annastella, mke wa Audax, fundi wa injini za boti mwenye banda lake Bakoba, mjini Bukoba. Alifika Muleba na boksi la vyuma vyenye grisi, akalitua sebuleni kwa mama mkwe wake juu ya mkeka mpya, akapiga magoti kusalimia. Alisema kazi yenyewe ni ndogo. Atalala usiku mmoja, pengine miwili, halafu arudi kwa wateja wake. Benigna alimtazama akiamini kila neno.

Kesho yake Annastella na Kagaruki walishuka mwaloni. Annastella alisimamisha magogo matatu nyuma ya boti, akafunga mnyororo juu yake na kuining'iniza injini, ili trimu ipate kuingia katikati ya vyuma vinavyoishikilia. Kagaruki hakuweza kukaa. Alizunguka, akachungulia, mwishoni akapitisha mkono chini ya injini ili aguse silinda ya trimu.

"Tata, toa mkono!" Annastella alimpigia kelele baba mkwe wake.

Kagaruki akautoa. Mnyororo ukateleza kidogo na injini ikashuka pale pale mkono ulipokuwa. Kila mtu aliona, na Kagaruki mwenyewe aliona. Lakini wachuuzi wa dagaa walikuwa wamesikia pia, na mmoja wao alicheka. Mke wa mwanawe alikuwa amemkemea kama mtoto aliyesogelea jiko.

Kagaruki alikwenda kukaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, akatoa akamwani mfukoni, zile mbegu za kahawa zilizokaushwa, akatafuna taratibu. Benigna alipofika na chakula alimkuta anatazama ziwani.

"Mwambie mkamwana wako," alisema, "kuanzia leo akiwa na neno juu ya injini yangu akwambie wewe. Nami nikiwa na neno nitakwambia wewe."

Annastella alikuwa amesimama karibu kiasi kwamba angeweza kumpokea bakuli.

"Mama, mwambie Tata nimesikia. Anisamehe sana, tafadhali, waitu. Lakini vidole vingebaki pale."

Benigna alimgeukia mumewe. "Anasema amesikia."

Hivyo ndivyo Benigna alivyoingia kwenye kazi ya umeme, yeye ambaye nyumbani alikuwa hata balbu habadilishi. Kahawa ilikuwa imeiva, migomba ilitaka kupunguziwa majani, na njia ya kutoka kibanjani hadi mwaloni ni mteremko wa kwenda na mlima wa kurudi. Sasa kila saa aliitwa. Mwambie Tata ninahitaji kujua betri anaiweka wapi mvua ikinyesha. Mwambie mkamwana wako betri inakaa pale inapokaa siku zote. Mwambie Tata waya mwekundu unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unakwenda kwenye rilei. Benigna hakujua rilei ni nini. Alimwambia mumewe kwamba waya mwekundu unakwenda kwa mtu anayeitwa Rilei, na Kagaruki akajibu kwamba hataki mtu mwingine ndani ya boti yake.

Kisha wakagombana juu ya swichi. Annastella aliifunga nyuma, upande wa kulia, kwa sababu waya uliokuja na kifaa ulikuwa mfupi. Kagaruki anaongoza boti kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo swichi ingebidi aifuate kwa mkono wa kulia, tena kwa kuupeleka nyuma.

"Mwambie mkamwana wako kwamba bega linaloumwa ni hilo hilo."

"Mwambie Tata nikiuunga waya hapo katikati, maji yataingia kwenye kiungo."

"Anasema maji yataingia," alisema Benigna.

"Nimesikia. Kwani mimi ni kiziwi?"

Benigna aliangalia juu, akaomba uvumilivu kwa Bikira Maria kwa Kihaya, maana Kiswahili kilikuwa kimemwishia.

Siku ya majaribio watu walijaa. Annastella alibonyeza swichi kwenda juu. Pampu ikalia, na injini, ambayo ilikuwa nusu juu, ikazama majini taratibu kama mtu anayekaa kwenye kiti. Kagaruki alicheka mpaka akamwani ikampalia.

"Mwambie mkamwana wako kushusha nilikuwa naweza mwenyewe!"

Annastella alifungua kifuniko cha pampu. Mwenye kifaa wa kwanza alikuwa amepishanisha nyaya mbili za pampu, wa bluu na wa kijani. Alizirudisha kila mmoja mahali pake, akabonyeza tena, na injini ikapanda vizuri ikidondosha maji, ikafika juu, ikatulia. Wachuuzi wakapiga makofi. Kagaruki aliacha kucheka, akasogea, akaitazama injini yake kwa muda mrefu. Benigna akashukuru Mungu, akarudi kwenye kahawa yake.

Asubuhi iliyofuata abiria walikuwa wamekwisha kukaa na mizigo yao Kagaruki alipobonyeza. Pampu ililia kwa nguvu. Injini ikapanda kidogo, ikasita, ikashuka tena yenyewe. Akabonyeza tena. Ikawa vile vile. Basi akageuka, akaikumbatia kwa mikono miwili ili aitoe kwenye magugumaji, na ukelele wake ulimfikia Benigna mpaka juu kibanjani, akashuka mbio.

"Mama," alisema Annastella, uso umemkauka, "naomba umuulize Tata kama kuna kitu chochote amegusa."

"Mwambie," alisema Kagaruki huku ameshika bega, "sijagusa waya hata mmoja."

"Hajagusa waya hata mmoja," alisema Benigna.

Annastella alimwamini. Basi akaanza upya. Alisugua vichwa vya betri kwa msasa mpaka vikang'aa. Alibadilisha rilei. Aliufungua waya hasi, akaukwangua, akaufunga tena. Aliongeza mafuta ya haidroliki, akaipandisha na kuishusha injini mpaka hewa ikaisha, kisha akapita akikaza kila skrubu aliyokutana nayo. Saa sita mchana trimu ilifanya kazi, na yeye mwenyewe hakujua ni kipi kati ya hivyo vyote kilichoiponya. Kwa fundi hakuna jambo baya kama hilo.

Kesho yake asubuhi, injini ilipanda kidogo, ikasita, ikashuka.

Wateja wa Bakoba walikuwa wanampigia simu mmoja baada ya mwingine. Audax naye alipiga kuuliza kama baba yake amefurahi. Annastella alimjibu kwamba atampigia baadaye, akakaa kwenye mchanga, akafunika uso kwa mikono yenye grisi. Alipoitoa, uso ulikuwa na alama za vidole vyake vyote.

"Mama, umuulize tena."

Benigna aliuliza tena. Jibu lilikuwa lile lile, tena safari hii kwa hasira, kwamba anadhaniwa mwongo kwenye boti yake mwenyewe.

Annastella akaamua kwamba ni sili. Zile sili za mpira ndani ya silinda zitakuwa zimechoka, mafuta yanapita, ndiyo maana haishiki. Akaenda Bukoba kuzitafuta, akanyeshewa kwenda na kurudi, na alipozifungua mezani kwa mama mkwe wake zilikuwa kubwa mno, za injini nyingine kabisa. Hakulia. Alizitazama tu, akazisukuma pembeni, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi naichukia injini hii."

Benigna alimwekea katogo ya ndizi, akamwambia ale kwanza. Kisha akashuka mwaloni kununua dagaa kabla jua halijapungua nguvu.

Boti ilikuwa imevutwa ufukoni. Nyuma yake, Kagaruki alikuwa amelala kifudifudi, ameingiza bisibisi kwenye kitundu cha ubavuni mwa vyuma vya injini, ulimi umetoka kidogo kama wa mwanafunzi anayeandika.

"Unafanya nini?"

"Nataka kuinyanyua."

"Si ndiyo kazi ya kile kidude?"

"Kile kidude kinaishika. Hainyanyuki kwa mkono mpaka ulegeze skrubu hii. Wala hakuna aliyenionyesha, nimeigundua mwenyewe." Alisema hivyo kwa fahari. Akasimama, akaikumbatia injini kwa mkono wa kushoto, akasukuma kwa kifua, uso ukajikunja, injini ikapanda. "Umeona? Bado ninaweza."

"Halafu?"

"Halafu naishusha, naikaza skrubu. Kwa vidole tu. Ukiibana sana itakatika."

Benigna alihisi joto linampanda kutoka shingoni. "Kagaruki. Ulisema hujagusa kitu."

"Nilisema sijagusa waya. Hii ni waya?"

"Kila jioni?"

"Kila jioni." Kisha akashusha sauti, akawa kama mtu mwingine. "Benigna, siku moja nitakuwa katikati ya magugu na watu ndani, upepo unavuma, na betri imekufa. Swichi itanisaidia nini? Nataka nijue kwamba nikitakiwa, nitaiinua."

Benigna alinunua dagaa, akapanda mlima, na kila hatua hasira ilimzidi. Alikuwa amepoteza siku za kahawa yake akibeba maneno ya watu wawili wanaosikiana vizuri, na katika maneno yote hayo, lile moja lililohitajika hakuna aliyempa abebe. Alifika nyumbani akitaka kulitoa. Annastella alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, sili zile kubwa ziko mapajani. Benigna akapeleka dagaa jikoni. Hili hakutaka kulibeba. Walibebe wenyewe.

Asubuhi trimu iligoma kama kawaida yake. Abiria waliguna. Annastella alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake.

"Mama, muulize Tata..."

"Simuulizi."

Annastella alirudi nyuma hatua moja.

"Na wewe," Benigna alimgeukia mumewe, "usinipe neno la kumpelekea. Mimi si mnara wa simu! Mume wa huyu ni mtoto niliyemzaa mimi, na wewe ni mtu niliyefunga naye ndoa kanisani, na mnanipandisha na kunishusha mlima kuliko injini yenyewe. Mwenzako amekuuliza kama umegusa kitu. Mjibu. Mwonyeshe ulichonionyesha jana." Alijitwika kikapu chake kichwani. "Mimi nakwenda kwenye kahawa."

Lakini hakwenda. Alitembea mpaka kwenye vichanja vya dagaa, akasimama nyuma yake, akachungulia.

Kagaruki alitazama miguu yake. Mwishoni alitoa bisibisi mfukoni, akaonyesha kitundu. Annastella aliinama, akatia kidole, akafumba macho kabisa.

"Tata, waitu," alisema, na Benigna aliona jinsi anavyoishika sauti yake kama mtu anayebeba sufuria ya moto, "uliifungua?"

"Niliifungua, nikaifunga."

"Uliifunga mpaka wapi?"

"Mpaka ilipotosha."

"Haikutosha. Ikibaki hata kidogo, mafuta yanarudi. Nimesugua betri. Nimebadilisha rilei. Nimenyeshewa mpaka Bukoba na kurudi, Tata!" Hapo sauti ilimponyoka. Wachuuzi waligeuka. Akaishusha haraka. "Kwa nini hukusema?"

"Kwa nini hukunionyesha?" Kagaruki alijibu. "Umenifungia kitu kinachoishika injini yangu, hukuniambia nikikosa betri nafanyaje. Swichi umeiweka nyuma ya bega bovu. Ulifikiri nitasema nini?"

Annastella alionyesha kitundu kwa kidole. "Kaza. Mpaka isiende tena. Haitakatika."

Kagaruki alikaza. Alisita, akamtazama, Annastella akatikisa kichwa, bado. Akakaza tena. Alipobonyeza swichi, akijipinda na kukunja uso, injini ilipanda moja kwa moja mpaka juu, ikabaki huko.

Boti iliondoka ikiwa imechelewa. Iliporudi jioni, Annastella alikuwa amepata kipande cha waya mrefu usio na kiungo, na swichi ikahamia mbele, karibu na goti. Waliifanya kazi hiyo wawili, Kagaruki ameshika tochi ingawa jua lilikuwa bado kali, na mara mbili alimwambia kwamba anakosea, na mara moja alikuwa sahihi.

Usiku huo Benigna alipika vizuri, kwa kuwa mkamwana wake alikuwa anaondoka kesho. Aliweka ndizi na dagaa mezani, akakaa, akangoja mtu amsifie. Kagaruki alikuwa anaeleza kwamba pampu ya mafuta nayo ina kasoro yake, kwamba asubuhi injini inakohoa. Annastella aliuliza inakohoa namna gani. Kagaruki akaigiza. Annastella akasema hapana, hiyo si pampu, ni kabureta. Kagaruki akasema ni pampu. Sauti zilipanda, mikono ikaanza kuchora mabomba juu ya kitambaa cha meza, na Annastella akasema labda abaki siku moja zaidi aifungue aone.

"Kuleni," alisema Benigna.

Hakuna aliyemsikia. Alivuta sahani ya dagaa upande wake, akaanza kula peke yake.